Wanafunzi wa uuguzi wafundishwe kukaa na mgonjwa wa akili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako niseme na wakufunzi wa vyuo vya uuguzi, na wanafunzi wenyewe, na wazazi wanaowalipia ada. Nimefanya kazi katika wodi za afya ya akili tangu ujana wangu hadi nilipostaafu, na hata sasa huitwa mara kwa mara kusaidia kuwasimamia wanafunzi wanaokuja kwa mazoezi ya vitendo. Ninayoyaona yananiuma.

Mwanafunzi anakuja kwa wiki chache tu. Siku za mwanzo anasimama karibu na mlango pamoja na wenzake, wameshikana mikono. Baadaye anaonyeshwa kabati la mafaili, na kuanzia hapo kazi yake ni kutafuta saini za kitabu cha mazoezi. Amechukua historia ya mgonjwa, saini. Amechoma sindano, saini. Zikitimia anaondoka, na hajawahi kuketi na mgonjwa hata mmoja wakazungumza mpaka mazungumzo yakafika mahali. Kwenye mtihani ataeleza vizuri hatua za uhusiano wa muuguzi na mgonjwa, na atafaulu. Kisha atapangiwa zahanati ya mbali, ambako daktari bingwa wa akili hayupo, na usiku ataletewa kijana aliyefungwa kamba mikono na miguu, nyuma yake kundi la ndugu waliochoka na wenye hofu.

Kwa huyo kijana, jambo la kwanza ni mwili. Mpime joto. Pima sukari, pima malaria, pima presha. Mtazame kichwani kama ana jeraha. Waulize ndugu: ana kifafa? Ana ugonjwa wowote anaoutumia dawa? Mara ya mwisho kunywa pombe ilikuwa lini? Mtu aliyebadilika ghafla, ambaye asubuhi anakufahamu na jioni hajui yuko wapi, anayeona wadudu wakipanda ukutani, huyo mara nyingi ubongo wake unaumwa kwa sababu ya maradhi ya mwili, na ukimchoma sindano ya kumtuliza bila kumpima unaweza kumpoteza. Mnywaji wa gongo wa miaka mingi aliyeacha ghafla huanza kutetemeka na kuweweseka siku ya pili au ya tatu, na anahitaji vitamini B1 kabla hujamtundikia dripu ya sukari. Nimewahi kumwona binti wa mwaka wa pili akiwasimamisha watu wazima wote waliokuwa wakipiga kelele kuhusu majini, akachukua tone la damu kidoleni mwa mgonjwa. Sukari ilikuwa chini kabisa. Baada ya dripu kijana aliuliza kwa nini amefungwa.

Na kamba ifunguliwe mapema iwezekanavyo. Chini yake kuna vidonda, na mgonjwa huwa hajanywa maji tangu alipofungwa.

Mwili ukishathibitika kuwa salama ndipo kazi yetu hasa inapoanza, na hapa ndipo wanafunzi wetu hawafundishwi kitu. Nianze na salamu. Mwanafunzi huyu huyu akikutana barabarani na mzee wa umri wa babu yake atamwamkia. Wodini anampita kana kwamba pale hakuna mtu. Mimi huwaambia wote ninaowasimamia: ukiingia zamu, zunguka vitanda vyote uwaamkie. Shikamoo babu. Shikamoo mama. Habari za usiku kaka. Wengi wataitikia, hata yule ambaye tangu jana hajasema neno la kueleweka, kwa sababu adabu ya salamu hukaa ndani sana.

Tena salamu hiyo ni kipimo. Alikutazama usoni au alitazama sakafu? Alichukua muda gani kujibu? Alijibu ulichouliza, au alianza na salamu akaishia kwenye habari za rais na mnara wa simu? Uso wake unafanana na maneno yake, au anasimulia msiba wa mwanawe huku anacheka? Midomo imekauka? Suruali imeanza kumvuka? Wakati unaongea naye aligeuza kichwa upande usio na mtu, akatulia kama anayesikiliza? Mwanafunzi akiyaona hayo na kuyaandika kwa lugha nyepesi, ameshafanya sehemu kubwa ya tathmini ya hali ya akili, ile inayomtisha vitabuni kwa urefu wake. Nisingependa kusoma tena kwenye faili sentensi isemayo “mgonjwa amelala vizuri, hana tatizo”. Amelala saa ngapi, akaamka saa ngapi? Usingizi ndio huanza kuharibika kabla ugonjwa haujarudi, na muuguzi wa zamu ya usiku ndiye wa kwanza kuujua.

Halafu kuna imani zisizo za kweli, ambazo wanafunzi huniuliza kuliko jambo lingine lolote. Nilikuwa na mzee aliyeamini kwamba majirani wametia sumu kwenye kila chakula anachopewa, na alikuwa anakonda mbele ya macho yetu. Mwanafunzi mmoja alikuwa akimbishia kila mlo: babu hakuna sumu, mbona sisi tunakula? Mwenzake, kwa huruma, alimwambia ndiyo babu, tumeshawakamata hao majirani. Njia zote mbili hazifai. Ukimbishia unakuwa mmoja wa maadui, na ukimkubalia unaijenga ile hofu kwa mikono yako. Niliwaomba wamwambie hivi: “Babu, mimi sumu sijaiona kwenye chakula hiki, ila naona una hofu kubwa na una njaa. Tukupe nini ambacho utaweza kula?” Akataka yai la kuchemsha ambalo atalimenya mwenyewe. Tukampa mayai na maganda yake, ndizi na maganda yake, chungwa zima. Baada ya siku kadhaa alikubali kuja jikoni achague sahani yake mwenyewe, apakuliwe ugali kutoka sufuria ya wote mbele ya macho yake. Dawa zilikuwa zinaanza kufanya kazi wakati huo, lakini mtu mwenye njaa hawezi kusubiri dawa zifanye kazi.

Nawasihi pia wauguzi vijana, na ndugu wa wagonjwa watakaosoma barua hii: msifiche dawa ndani ya uji. Mgonjwa anayehisi kuna kitu kimewekwa kwenye chakula chake, siku akiigundua ile dawa atakuwa sahihi, na hatawaamini tena.

Anayesikia sauti aulizwe sauti hizo zinasema nini. Wanafunzi huogopa swali hili. Lakini lazima ujue kama zinamtukana tu au zinamwamuru ajidhuru au amdhuru mtu, kwa sababu hapo utaratibu wa ulinzi wake unabadilika mara moja. Vivyo hivyo kuhusu kujiua. Kumuuliza mtu kama amefikiria kujiua hakumpi wazo hilo. Wengi hushusha pumzi kwamba hatimaye kuna aliyeuliza. Uliza waziwazi: unafikiria kujiua? Umepanga kwa njia gani? Dawa ya kuulia wadudu ipo nyumbani? Kisha usimwache peke yake, na ndugu waiondoe ile dawa.

Kuna kikwazo ambacho wanafunzi hawaambiwi. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya nchi yetu kinahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Mtu aliyekunywa sumu akanusurika anajua hilo, au ndugu zake wanalijua, kwa hiyo anakuambia alidhani ni soda. Kenya ilikuwa na kifungu cha namna hiyo hiyo, na Januari 2025 Mahakama Kuu ya huko ikatamka kwamba kinapingana na Katiba. Wabunge wetu waisome hukumu ile. Nimehudumia watu waliolala na dripu mkono mmoja na pingu mkono wa pili, na sijui nani anaweza kupona hivyo.

Kuhusu dawa nitasema machache, ila haya machache huokoa. Mgonjwa aliyeanzishiwa haloperidoli, moja ya dawa za ugonjwa wa akili, hasa kijana wa kiume, anaweza ndani ya siku chache za mwanzo kupindwa shingo, macho yakageukia juu, ulimi ukatoka nje. Familia hukimbilia kwa mchungaji au kwa shehe, na siwalaumu, maana inatisha kweli. Kinachofanya hivyo ni dawa. Sindano ya prometazini huilegeza ile misuli upesi, na mwanafunzi aliyewahi kuiona mara moja hataisahau. Mwingine, kwa dawa hizo hizo, hawezi kukaa, anatembea kutwa, anainuka kila akiketishwa. Zamu inaandika kuwa amechachamaa, anaongezewa dozi, na anazidi. Muulize kabla ya kuandika: unataka kutembea, au miguu inakulazimisha? Na ukimkuta anayetumia dawa hizi amekakamaa mwili mzima, ana homa kali, anatoka jasho na fahamu zinapungua, simamisha dawa na umpeleke hospitali kubwa saa hiyo hiyo.

Sindano ya Modecate, dawa ya ugonjwa wa akili inayokaa mwilini muda mrefu, ambayo wagonjwa wetu huiita sindano ya mwezi, imetengenezwa kwa mafuta. Bomba na sindano viwe vikavu kabisa, ichomwe ndani ya msuli, na usipasugue baada ya kuchoma. Mambo haya madogo ndiyo yanayomfanya mgonjwa arudi mwezi unaofuata.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro ilichaguliwa kuanza mpango wa kupeleka huduma za afya ya akili hadi zahanati na vituo vya afya, badala ya kila mgonjwa kusafirishwa hadi hospitali ya akili ya Mirembe kule Dodoma. Nilikuwa muuguzi mdogo wakati huo. Nilichojifunza ni kwamba mpango ule ulisimama juu ya mabega ya wauguzi na waganga wasaidizi waliojua kukaa na mgonjwa kwenye benchi la zahanati, kumsikiliza mama yake, na kumkumbuka asipotokea kliniki. Mirembe imekuwapo tangu 1927 na hospitali ya akili ya Lutindi kule Korogwe ni ya tangu enzi za Wajerumani. Nchi haikukosa majengo. Ilikosa, na bado inakosa, watu waliofundishwa hivyo huko vijijini.

Kwa hiyo ombi langu kwa vyuo na kwa wodi zinazopokea wanafunzi ni hili. Kila mwanafunzi akabidhiwe mgonjwa mmoja tangu siku anayofika hadi siku anayoondoka. Aketi naye kila siku, hata kama ni kwa robo saa ya kimya, kwa sababu kimya nacho kina kazi yake. Kila alasiri aketi na msimamizi amweleze walichozungumza, alipokwama, alichoogopa. Awe ndani wakati wa makabidhiano ya zamu na aulizwe habari za mgonjwa wake kabla ya muuguzi wa zamu kusema. Ndugu wakija kutembelea, awepo, kwa kuwa wao ndio watakaomlaza na kumwamsha akirudi nyumbani. Na siku ya kuaga ajue kuaga, amwambie mgonjwa mapema kwamba anaondoka, wala asipotee tu Ijumaa jioni. Kitabu cha saini kipunguzwe ili muda huo upatikane.

Simu ziachwe nje. Nimekuta picha ya mgonjwa wetu ikizunguka kwenye makundi ya wanafunzi, amevuliwa nguo na ugonjwa wake, na chini yake vicheko. Anayefanya hivyo asipewe saini hata moja.

Kwa wazazi: mtoto wenu akipiga simu kwamba amepangiwa wodi ya akili, msimtafutie mtu wa kumhamishia wodi nyingine. Mwambieni avue mkufu na kamba ya kitambulisho shingoni, akae mahali ambapo yeye na mgonjwa wote wanaufikia mlango, asimshike mgonjwa kwa ghafla kutoka nyuma, na amwite msimamizi sauti zikianza kupanda. Kisha mpeni muda. Akirudi likizo, mwulizeni mgonjwa wake anaendeleaje. Jina la mgonjwa asiwatajie, na akikataa kulitaja mjue wamemfundisha vizuri.

Wako,
Muuguzi mstaafu,
Kihonda, Morogoro