Ndege Inayofundisha: Risala ya Klabu ya Anga kwa Mgeni wa Heshima

Mheshimiwa mgeni wetu wa heshima, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu, itifaki imezingatiwa. Hamjambo, na karibuni sana.

Mheshimiwa, tumefurahi mno kukuona shuleni kwetu hapa Mombasa. Tumeambiwa ulitumikia Jeshi la Wanahewa la Kenya na kwamba sehemu kubwa ya utumishi wako uliketi kwenye kiti cha mwalimu. Ndiyo maana hatutazungumzia ndege za kivita, ambazo picha zake zimejaa kwenye simu zetu. Tumechagua ndege ya mafunzo. Kila rubani wa kivita amepitia kwake, na bado husifiwa kidogo mno.

Muhula huu tuliisoma Jet Provost ya Uingereza pamoja na mdogo wake, Strikemaster. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, mwanafunzi wa urubani wa Uingereza alianzia kwenye ndege ya rafadha, yaani inayovutwa na panga linalozunguka, na jeti akaikuta baadaye. Kampuni ya Percival iliona aanze na jeti tangu siku ya kwanza. Ili gharama isizidi, wahandisi waliichukua Provost, ndege yao ya rafadha, wakaitengenezea kiwiliwili kipya na kuitia injini ya jeti iitwayo Viper. Iliruka kwa mara ya kwanza tarehe 26 Juni 1954.

Injini hiyo ndiyo iliyotusisimua kuliko yote. Kampuni ya Armstrong Siddeley iliibuni kwa ajili ya Jindivik, ndege isiyo na rubani iliyoundwa Australia ili itumike kama shabaha. Injini ya kitu kitakachotunguliwa haina haja ya kuishi siku nyingi, basi ikapewa umri wa saa chache tu. Kisha ikaimarishwa, sehemu moja baada ya nyingine, mpaka ikaaminiwa kubeba mwalimu na mwanafunzi wake kila siku kwa miaka mingi. Tulipoijadili habari hii darasani, kengele ililia na hakuna aliyeinuka.

Ndege yenyewe nayo ilirekebishwa kila walipoona kasoro. Toleo la kwanza lilisimama juu ya miguu mirefu iliyorithiwa kutoka kwa ndege ya rafadha, la pili likafupishwa miguu. La tatu likaongezewa viti vinavyomrusha rubani nje wakati wa hatari, la nne likapata nguvu zaidi. Toleo la tano liliruka mwaka wa 1967, na chumba chake kilishindiliwa hewa, kwa kuwa huko juu hewa ni nyepesi na mwili wa mwanafunzi huteseka kabla akili yake haijaanza kujifunza.

Jambo moja halikubadilishwa katika matoleo yote hayo: mwalimu na mwanafunzi walikaa bega kwa bega. Mheshimiwa, hili unalijua kuliko sisi. Mwalimu aliye ubavuni huuona mkono unaotetemeka na jicho linalotazama kipimo kisichofaa, kama mwalimu wa chuoni anavyokifuata kidole cha mtoto juu ya juzuu. Hawk, jeti nyingine ya mafunzo ya Uingereza iliyoruka kwanza tarehe 21 Agosti 1974, humweka mwalimu nyuma, juu kidogo ili aone mbele. Mpango huo unamwandaa mwanafunzi kwa ndege ya kivita yenye kiti kimoja. Tulibishana sana kuhusu hili. Wengi wetu tuliafikiana kwamba anayeanza anahitaji mwalimu ubavuni, na anayekaribia kuhitimu anahitaji kuuzoea upweke.

Kenya ilikuwa na ndege za aina zote mbili. Mapema miaka ya 1970 tulipata Strikemaster sita, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 zikaja Hawk kumi na mbili. Strikemaster, iliyoruka kwanza tarehe 26 Oktoba 1967, ni Jet Provost iliyopewa injini yenye nguvu zaidi, bunduki mbili za rashasha, na mahali pa kufungia roketi na mabomu chini ya mbawa. Nchi changa iliweza kufundishia ndege hiyo asubuhi na kujilindia nayo jioni.

Wazee wetu wenye jamaa Omani watakumbuka vita vya Dhofar, jimbo la kusini mwa Omani, kati ya serikali na waasi. Tarehe 19 Julai 1972 mji wa Mirbat uliposhambuliwa, Strikemaster za Omani zilitoka Salalah zikapita chini ya mawingu mazito kwenda kuwasaidia waliozingirwa. Mawingu hayo yaliletwa na kusi, upepo huu huu unaopiga pwani yetu kila mwaka. Hatushangilii vita. Tunachokistahi ni mafunzo yaliyomwezesha rubani kuruka chini kiasi hicho bila kupotea.

Kazi ya namna hiyo huchosha chuma pia. New Zealand iligundua nyufa katika mbawa za Strikemaster zake, ikalazimika kutafuta ndege nyingine. Uingereza nayo iliistaafisha Jet Provost mwaka wa 1993 na kurudi kwenye rafadha, kwa ndege ya Tucano inayotumia mafuta machache. Kenya pia ilinunua Tucano kumi na mbili. Sisi hatuoni hapo kurudi nyuma. Ndege ya mafunzo hupimwa kwa saa ambazo mwanafunzi anaweza kuruka, na saa hizo hulipiwa kwa mafuta.

Mheshimiwa, tuna changamoto. Kila siku tunaziona ndege zikishuka juu ya Port Reitz kuelekea uwanja wa Moi, lakini wengi wetu hatujawahi kuligusa bawa la ndege. Tunajifunza jinsi hewa inavyoliinua bawa kwa chaki, na kwa feni tuliyoifungia ndani ya boksi la katoni.

Kwa hiyo tunakuomba utusaidie kupata ruhusa ya kutembelea karakana ya ndege, wasichana na wavulana kwa idadi sawa. Tunaomba pia utushike mkono tupate kifaa halisi cha kupimia upepo kwenye bawa, kitakachotumiwa na shule jirani vilevile. Na ukipata nafasi, rudi utufundishe, hata kama ni kipindi kimoja kwa muhula.

Baada ya risala hii tutakuonyesha mfano wa Strikemaster tulioutengeneza kwa mbao. Tafadhali ukague mbawa zake na utuambie palipo na kasoro.

Ahsante kwa kutusikiliza.

Ni sisi, wanafunzi wako wa klabu ya anga.