Tukiitaja Iceland, tusimruke Bríet

Mhariri,

Kila inapokaribia Machi 8, magazeti yetu huitaja Iceland kuwa nchi ya mfano katika usawa wa jinsia, na karibu kila mara masimulizi huanzia kwenye mgomo wa wanawake wa Oktoba 24, 1975, yakaishia kwa Vigdís Finnbogadóttir, aliyechaguliwa kuwa rais mwaka 1980. Sina ugomvi na sifa hizo, ila msomaji kijana huachwa akidhani kwamba wanawake wale walitoka kazini siku moja wakarudi na rais. Anayerukwa ni Bríet Bjarnhéðinsdóttir (1856–1940), mpigania haki za wanawake wa nchi hiyo.

Huyu alianzia gazetini. Mwaka 1885 makala yake kuhusu elimu na haki za wanawake ilichapishwa katika gazeti la Fjallkonan kwa jina la bandia, Æsa. Baadaye akaolewa na mhariri wa gazeti hilo, na mwaka 1895 akaanzisha lake mwenyewe, Kvennablaðið, lililochanganya bila haya mambo ya nyumbani na madai ya haki. Mwaka 1907 aliasisi chama cha haki za wanawake, na Januari 1908 vyama vya wanawake vya Reykjavík vikasimamisha orodha yao ya wagombea wanne wa baraza la mji, Bríet akiwamo, na wote wanne wakashinda. Hawakwenda kupamba viti: walihangaikia wasichana wafundishwe kuogelea, na watoto wa maskini wapate chakula shuleni.

Haki ya kupiga kura ya bunge ilipopatikana, Juni 19, 1915, ilikuja na sharti ambalo mimi naliona la kejeli, kwamba mwanamke awe ametimiza miaka 40. Bríet, aliyekuwa na miaka 58, aliruhusiwa. Binti yake Laufey, mwanaharakati mwenzake mwenye miaka 25, akaachwa nje, na sharti hilo halikufutwa hadi mwaka 1920. Bríet mwenyewe aligombea ubunge mwaka 1916 akashindwa, na mwanamke wa kwanza kuingia bungeni, mwaka 1922, alikuwa Ingibjörg H. Bjarnason.

Naomba basi, Machi ijayo, mwandishi wenu wa habari za kimataifa amtengee Bríet walau aya moja kabla hajafika mwaka 1975.

Msomaji wenu,
Morogoro