Malalamiko kuhusu vali ya PCV iliyoganda

Kwa Meneja, Huduma kwa Wateja,

Yah: VALI YA PCV MLIYONIUZIA KWA INJINI YA KABURETA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Miezi mitatu iliyopita nilinunua kwenu vali mpya ya PCV, yaani ile inayotoa gesi chafu zinazojikusanya ndani ya injini. Boksi lake limeandikwa kwamba inaingia injini zote za silinda 4. Wiki mbili baada ya kuifunga, oili ikaanza kuchuruzika kwenye sili (mpira wa kuzuia oili) ya nyuma ya krenki, chujio la hewa likalowa, na chini ya kifuniko cha kujazia oili pakaganda utando mzito wa rangi ya maziwa.

Nilipowapigia simu niliambiwa injini kuukuu lazima zivuje, nivumilie. Jibu hilo limeniumiza kuliko hasara yenyewe. Injini hii haikuwa inavuja. Fundi alishusha giaboksi, akabadilisha sili, na siku chache baadaye sili mpya nayo ikavuja. Ndipo nikachomoa vali yenu kwenye tapeti kava (kifuniko cha juu cha injini), nikaitikisa karibu na sikio: kimya, maana yake imeganda. Ile ya zamani, ambayo sikuitupa, ikitikiswa inagonga. Nikaisafisha, nikaichomeka kwenye mpira wake, nikawasha injini na kuziba mdomo wake kwa kidole. Kidole kikavutwa. Tangu niirudishe, sijaona tone chini ya gari.

Gesi zinazopenya kwenye ringi za pistoni hushukia kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) pamoja na mvuke wa maji na petroli ambayo haijaungua. Vali huzirudisha kwenye manifoldi (njia ya kuingizia hewa na mafuta kwenye silinda) zikaungue. Injini ikiwa sailensa (inanguruma bila kukanyagwa mafuta), mvuto ni mkali na njia hubanwa. Ukikanyaga mafuta, mvuto hupungua, springi ikaipanua njia, kwa kuwa gesi nazo zimeongezeka. Springi hiyo hupimwa kwa injini yake. Viwanda vinalijua hilo tangu magari ya toleo la 1961 yalipofungwa vali hizi California. Ikiganda imefunga, presha hujitafutia njia, na sili ndiyo huumia.

Naomba mnirudishie gharama ya vali, sili na ufundi, risiti nimeziambatanisha. Vali ninayo, njooni muichukue mkaipasue wenyewe. Naomba pia maneno ya "injini zote" yaondolewe kwenye boksi, na majibu ya maandishi ndani ya siku 14.

Wenu,
Mteja