Wimbo wetu vinywani mwa wengine

Liège, Jumapili usiku

Mama yangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Mkubwa wangu Yaya atakusomea barua hii akitoka soko la Virunga. Mwambie asiruke mistari kama alivyozoea. Mimi mzima, ila baridi inanitafuna miguu. Pesa nimetuma kwenye simu yake, maana ninajua benki za Goma zilifungwa waasi wa M23 walipoingia.

Nina neno la kukuuliza. Kwaya ya parokia yetu inaandaa misa ya kuiombea Goma, na wanataka kuifunga kwa wimbo wa taifa letu la Kongo. Tuko kama thelathini, Wabelgiji watupu isipokuwa mimi. Wazo ni la mzee mmoja wa besi. Anakumbuka Waingereza walivyouimba wimbo wa Wafaransa pale Wembley, Novemba 2015, siku nne baada ya mauaji ya Paris, maneno yakionyeshwa kwenye skrini kubwa ili kila mtu afuate. Anasema alilia. Ninamwamini, machozi yake hayako mbali.

Basi Alhamisi tukagawiwa karatasi. Wewe, Mama, wimbo huu unauimba kwa masikio tu, Kifaransa hukisikii. Shuleni walikufundisha ule wa Mobutu, na huu uliporudi 1997 wewe ulikuwa na mtoto mgongoni. Lakini hawa Kifaransa ni chao. Wanaelewa kila neno, na shida ikaanzia hapo. Tulipofika pale tunapoambiana tuinue mapaji ya uso yaliyoinama siku nyingi, mama mmoja wa sauti ya pili akanyamaza katikati ya mstari. (Ndiye aliyenipa koti langu la kwanza hapa.) Wengine wakasonga mbele hadi kwenye 30 Juni. Mwalimu wa kwaya akaweka kidole chini ya tarehe hiyo, akaniuliza kwa sauti ndogo kama tunaweza kuiruka.

Nikasema hapana. Siku hiyo mwaka 1960 tulitoka mikononi mwa nani, kama si mwa babu zao? Ukiiondoa, kinachobaki hakina maana. Na wakiiimba, je, ni nani aliyeinamisha nyuso hizo wanazosema ni zao? Kwetu ukienda matanga unakaa na mfiwa, unachota maji, unaosha sufuria. Huvai nguo yake.

Usiku nikawakumbuka vijana wetu wa timu ya taifa kule Abidjan, Februari 2024, nusu fainali ya Kombe la Afrika na Ivory Coast. Wimbo unapigwa, wao mkono mmoja mdomoni, vidole viwili vya mkono mwingine kwenye kichwa kama bastola, kwamba kwetu watu wanauawa na dunia imenyamaza. Uliniuliza kwenye simu kwa nini hawaimbi, kisha ukanyamaza mwenyewe.

Kwa hiyo nikawaambia: niimbe mimi, ninyi msimame. Yule mzee hakupenda. Tena, Mama, kusema kweli, hata mimi niliogopa. Ninalijua koo langu. Pale jina la nchi linaporudiwa mara nne nitakwama, na hakutakuwa na mtu wa kunipokea.

Mzee huyo ndiye aliyeona njia. Akaonyesha kwenye karatasi: mstari mmoja unaanza, wengine wanajibu "Congo", tena "Congo". Akauliza kama wao wanaweza kuitikia jina hilo tu, hayo mengine wakaniachia. Kama sisi kwenye nyimbo za matanga, mmoja anatangulia na nyumba nzima inaitikia. Tulijaribu. Wazee wa watu, walitoa sauti hadi dirisha likatetemeka.

Mimi naona inatosha, lakini sitaki kuamua bila wewe. Misa ni Jumapili ijayo. Mwambie Yaya anitumie sauti ya watoto wakiimba wimbo huu asubuhi shuleni, ili kwaya isikie mwendo wake. Kama huko bado wanauimba. Kama haifai kurekodi, aache, nitaelewa.

Mwanao