Barua ya wazi kwa Waziri wa Utumishi: Kabla sijachunguzwa tena, wafundisheni wanaonichunguza

Mheshimiwa Waziri wa Nchi,
Ofisi ya Rais, Menejimenti ya Utumishi wa Umma na Utawala Bora,
Mji wa Serikali, Mtumba,
Dodoma.

YAH: OMBI LA KUFUNDISHWA KWA WATUMISHI WANAOPEWA KAZI YA KUCHUNGUZA WENZAO

Mheshimiwa,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nimeandika kwa njia hii kwa sababu ile nyingine, ya barua inayopitia kwa mwajiri, nimeitumia mpaka karani wa masjala ananitambua kwa vishindo. Barua zangu zinapokelewa vizuri sana. Zinagongwa muhuri, zinatiwa kwenye jalada, na zikishaingia humo sijasikia hata moja iliyotoka.

Mimi ni mtunza stoo katika ofisi moja ya umma hapa Dar es Salaam. Jina lake silitaji, maana bado ni mwajiri wangu, au nadhani bado ni mwajiri wangu. Inategemea unasoma barua ya mwezi gani. Mwaka jana zilionekana kupungua katriji za wino wa printa na rimu za karatasi. Nikasimamishwa kazi ili kupisha uchunguzi, kwa nusu mshahara. Kamati ikaundwa, ikakaa, ikaandika ripoti, nikafukuzwa. Nikakata rufaa ndani ya zile siku 45 zinazotolewa na kanuni, na rufaa ikakubaliwa: uamuzi ukabatilishwa kwa kuwa taratibu hazikufuatwa, shauri likaelekezwa lianze upya. Nilifurahi, Mheshimiwa. Nikawapigia ndugu zangu Songea, wakapiga vigelegele kwenye simu.

Wiki iliyopita nikaitwa kuchukua barua ya kamati mpya. Wajumbe ni watatu. Wawili ni walewale.

Nieleze walivyofanya kazi mara ya kwanza, usije ukadhani nina ugomvi na sura za watu. Mwenyekiti alikuwa afisa mipango, mtu mstaarabu, tunasalimiana mpaka leo. Alipewa barua ya uteuzi Alhamisi, Jumatatu akatakiwa aanze. Hadidu za rejea zilikuwa sentensi moja: wachunguze upotevu na kushauri hatua za kuchukua. Jumapili usiku akanipigia simu. Mimi, mtuhumiwa. "Dada, samahani kwa usumbufu, hivi hujawahi kuona fomu ya maelezo ya shahidi inavyokuwa?" Nilicheka wakati ule. Nilidhani nina bahati.

Siku ya kikao tukaitwa mimi, msaidizi wangu na mlinzi wa zamu, tukakalishwa chumba kimoja mbele ya mkuu wa kitengo. Mkuu wa kitengo ndiye aliyeandika malalamiko, na ndiye aliyekuwa mjumbe wa tatu. Swali la kwanza likawa, "Mali mmepeleka wapi?" Msaidizi wangu ni kijana wa mkataba, na wa kupendekeza mkataba wake uongezwe ni huyohuyo aliyekaa mbele yake. Angesema nini? Mimi nikaeleza kwamba mlango wa stoo una funguo tatu: mmoja ninao, wa pili anao mkuu wa kitengo, wa tatu unakaa kwenye kabati la utawala. Katibu akaandika. Hakunisomea alichoandika, hakuniomba sahihi. Nilikuja kuyakuta maneno yangu baadaye kwenye nakala ya ripoti: "Mtuhumiwa alikiri kuwa funguo za stoo zilikuwa mikononi mwake." Basi. Funguo zote tatu zangu, na nimeshakiri.

Halafu leja. Aliyewahi kufanya kazi stoo anajua kwamba shahidi wa kwanza ni leja. Kilichoingia, kilichotoka, tarehe, namba ya hati, sahihi ya aliyechukua, salio. Katibu alipiga picha kurasa mbili kwa simu yake, akaikunja leja yenyewe, akaitia kwapani, akaondoka nayo. Hakuna mahali alipoandika kwamba ameichukua, lini, ikiwa na kurasa ngapi. Ilipokuja kutafutwa ilikutwa kwenye droo ya mtu ambaye hata mjumbe si mjumbe, na kurasa ambazo zingeonyesha nani alizichukua katriji zile hazimo. Nani alizichomoa? Sijui, na sasa hakuna atakayejua, kwa kuwa hakuna karatasi inayoonyesha leja ilipita mikono ya nani. Daftari la getini, lenye kila mzigo uliotoka na namba ya gari lililoubeba, lilikuwa juu ya meza ya mlinzi muda wote. Halikufunguliwa. Kamera ya korido niliomba iangaliwe siku ya kwanza. Walipoikumbuka, diski ilikuwa imeshajaa na picha mpya zimeshafuta za zamani.

Hakuna hata moja hapo linalotaka akili za kuzaliwa nazo. Kupanga uchunguzi kabla hujamwita mtu. Kuhoji shahidi mmoja mmoja, kumsomea maelezo yake, kumpa asaini. Kila kielelezo kuandikiwa hati ya makabidhiano. Mwenye maslahi kukaa pembeni. Ripoti kuonyesha kipi kimethibitika na kipi mjumbe anadhani tu. Mtu wa kidato cha nne anafundishwa haya na anayaelewa. Na aliyeiunda kamati naye ana somo lake, tena kubwa zaidi, maana ndiye msimamizi: aandike hadidu zenye mipaka, aulize kazi imefika wapi, aisome rasimu kwa kalamu mkononi na kuuliza "hili mmelijuaje?" kabla hajatia sahihi ya kumwondoa mtu kazini. Kwangu alitia sahihi siku ileile aliyopokea ripoti. Tarehe zote mbili ninazo.

Sasa linganisha, Mheshimiwa. Dereva wa gari la serikali hakabidhiwi usukani mpaka aonyeshe leseni na cheti cha VETA au cha Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Mabibo. Mhasibu anakesha na mitihani ya bodi yao, NBAA. Sisi wa ugavi tuna bodi yetu ya kutusajili. Askari anapita kwanza Shule ya Polisi Moshi. Lakini wa kumchunguza mtumishi mwenzake, mwenye uwezo wa kumtoa kazini na kumchafulia jina mpaka kwao alikozaliwa, huyo inatosha awe na cheo na barua ya uteuzi.

Wa kufundisha hawajakosekana. Chuo cha Utumishi wa Umma kipo tangu mwaka 2000. Kina kampasi hapa hapa Dar es Salaam, Magogoni, na nyingine Tabora, Mtwara, Singida, Tanga na Mbeya. TAKUKURU wapo. Wapo wakaguzi wa Mdhibiti na Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambao kazi yao ya kila siku ni kuifuata karatasi moja mpaka ilipoishia. Na ilipokuja PEPMIS, mfumo wa kompyuta wa kupima utendaji wa watumishi, kuchukua nafasi ya OPRAS, ule wa zamani, tulifundishwa, mpaka wale waliokuwa wanaogopa kushika kompyuta. Kumbe ikitakiwa inawezekana.

Kwa nini basi hili halitakiwi? Hapa nakisia. Nadhani fedha za mafunzo zinachelewa, zinakuja kutoka mwaka wa fedha ukielekea kuisha, na anayekwenda ni bosi, kwa sababu ya posho. Anarudi na begi la semina. Mwezi unaofuata kamati inaundwa, na anateuliwa mtu ambaye hilo begi hata hajaliona. Nadhani pia ni mazoea ya enzi za kutumbua majipu: mtu anasimamishwa mbele ya kamera, makofi yanapigwa, uchunguzi unakuja nyuma ukihema kama abiria aliyekosa daladala. Tangu hapo kusimamisha ndiko kunakohesabiwa kuwa kazi. Kuchunguza kumebaki kuwa makaratasi ya kuhalalisha.

Tunaikumbuka 28 Aprili 2017, ilipokabidhiwa kule Dodoma orodha ya watumishi 9,932 wa vyeti vya kughushi. Wenye makosa walikuwemo, tena wengi, siwatetei. Lakini wapo waliokata rufaa, vyeti vyao vikaonekana ni halali. Mtafute mmoja wao umuulize aliishi vipi katikati hapo.

Mimi nimeishi hivi. Nusu mshahara haiwi nusu, Mheshimiwa, kwa sababu benki haijui kusimamishwa. Inakata mkopo wake uleule, kinachobaki ni cha kununulia unga. Nilipofukuzwa hata hicho kikaondoka, na kadi ya bima ikaondoka nacho. Mama yangu alikuwa akipata dawa za presha kwa kadi ile. Kuna kipindi alikuwa anameza kidonge leo, kesho anapumzika, bila kuniambia, mpaka alipoanguka bafuni. Friji niliuza. Tabata nikahama, sasa nipo Chanika. Nimewapisha kwelikweli; naona bado kidogo nipishe mpaka nivuke mpaka wa mkoa, na uchunguzi wenyewe haujapita.

Asubuhi nauza chapati na maharage kituoni. Baadhi ya wateja wangu ni watumishi wenzangu wanaowahi magari ya mjini. Wengine wananisalimia kwa jina, wengine wananyoosha noti huku wanatazama pembeni. Mtaani nishakuwa Mama Katriji. Kwenye kikoba chetu nilikuwa mmoja wa washika funguo wa sanduku. Nikaombwa, kwa lugha nzuri tu, nimwachie mwingine. Hakuna aliyesema mimi ni mwizi. Walisema wananionea huruma nimechoka.

Na yule aliyechukua katriji, kama yupo, yupo kazini. Saa nne anakunywa chai. Nasikia rimu zinaendelea kupungua nami sina ufunguo wowote, sasa sijui safari hii watakiri akina nani. Mtu asiyejua kuchunguza anamtesa asiye na kosa na papo hapo anamlinda mwenye kosa, na serikali inalipia yote: posho za kamati ya kwanza, posho za kamati ya pili, na malimbikizo ya mshahara iwapo nitaonekana sina hatia. Hizo katriji zenyewe ukizipigia hesabu hazifiki hata robo.

Sheria tunazo. Kuna Sheria ya Utumishi wa Umma, Sura ya 298. Kuna Kanuni za 2022, zilizochukua nafasi ya zile za 2003. Juu yake kuna Katiba, ibara ya 13(6)(a), inayosema mtu apewe fursa ya kusikilizwa kwa ukamilifu. Kwa ukamilifu, Mheshimiwa. Mimi nilisikilizwa kwa muda wa kunywa soda. Mwaka 2023 Rais aliunda tume chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman kuangalia vyombo vya haki jinai, na tulishukuru. Hizi kamati za ofisini, zinazokaa kwenye chumba cha mikutano mlango umefungwa, nani anaziangalia? Mwajiri wangu alituambia kwenye kikao cha wafanyakazi, kabla haya hayajanikuta, kwamba wajumbe wote wa kamati za nidhamu watapelekwa mafunzo "hivi karibuni". Nilipiga makofi siku hiyo. Nilikaa mstari wa pili.

Tunaambiwa kazi iendelee. Iendelee, sipingi. Yangu imesimama.

Ninachoomba. Wafundishwe. Wafundishwe wajumbe, wafundishwe makatibu wa kamati, wafundishwe hao wanaoziunda, na isiwe semina ya asubuhi moja yenye maji ya chupa na picha ya pamoja. Ijulikane kwa maandishi nani amefundishwa, na asiyekuwemo asiteuliwe. Kama hilo ni kubwa kwa bajeti ya mwaka huu, basi kila mwajiri awe na watatu tu waliofundishwa. Kama na hilo ni kubwa, basi kamati yangu. Sikatai kuchunguzwa. Nichunguzeni, nitakuja na nakala zangu zote, ila anichunguze mtu anayejua leja inashikwaje.

Kamati inakaa Jumatatu ijayo saa tatu asubuhi, chumba kilekile. Naomba isikae. Wapelekwe kwanza Magogoni hata wiki moja, halafu waniite, nitakuja siku hiyohiyo watakayoniita. Nimeshangoja zaidi ya mwaka, wiki moja haitaniua. Jumatatu wasikae, Mheshimiwa. Simu moja kutoka kwako inatosha.

Wako mtiifu,

Mtunza stoo aliyesimamishwa,
Chanika, Dar es Salaam.

Nakala: Mwajiri wangu, safari hii bila kupitia masjala.