Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: Turbine imeshuka tena, sisi je?

Ndugu wanachama wa chama chetu cha mashabiki wa Turbine,

Nawasalimu nyote, mliofika ukumbini na mnaoisoma taarifa hii kwenye simu mkiwa kazini. Katiba yetu inamtaka mwenyekiti aeleze mambo ya mwaka mzima kabla mweka hazina hajasoma hesabu. Mwaka huu jambo kubwa ni moja na kila mtu analijua. Turbine Potsdam, timu yetu ya soka la wanawake ya mji wa Potsdam jirani na Berlin, ilishuka daraja 2023, ikapanda 2024, na mwaka huu wa 2025 imeshuka tena. Kinachouma zaidi ni kwamba Bundesliga ya wanawake, yaani ligi kuu ya Ujerumani, inaongezwa kutoka timu 12 hadi 14 kuanzia msimu wa 2025/26, kwa hiyo safari hii iliteremshwa timu moja tu. Timu hiyo ni yetu.

Kwenye kundi letu la WhatsApp swali limekuwa likirudi kila baada ya kipigo: tunaendelea na hawa mpaka lini? Wapo wanaotaka tuhamie Union Berlin, waliopanda ligi kuu mwaka huu huu na ambao uwanja wao wengi wetu tunaufikia haraka kuliko Babelsberg, uliko uwanja wa Turbine. Sitawazomea. Ila wanachama waliojiunga karibuni wameikuta Turbine ikifungwa tu, na si haki wapige kura leo bila kujua tulikotoka.

Enzi za Ujerumani mbili, upande wa magharibi, chama cha soka cha Ujerumani kilipiga marufuku soka la wanawake katika klabu zake kuanzia 1955 hadi mwishoni mwa Oktoba 1970. Miezi michache baada ya marufuku hiyo kuondolewa, huku mashariki, timu ya wanawake ilianzishwa Potsdam, Machi 1971, ndani ya klabu ya wafanyakazi wa sekta ya nishati. Ndiyo maana ikaitwa Turbine. Kocha alikuwa Bernd Schröder, na nadhani hata yeye hakutegemea kwamba angekaa pale hadi 1992, kisha arudi 1997 na kustaafu 2016. Timu ilitwaa ubingwa wa Ujerumani Mashariki mara 6 kati ya 1981 na 1989. Serikali ya wakati ule haikujali sana: soka la wanawake halikuwa kwenye Olimpiki, na mchezo usioleta medali haukupewa fungu. Timu ya taifa ya wanawake ya nchi ile ilicheza mechi moja tu katika maisha yake, Mei 1990, hapa hapa Babelsberg kwenye uwanja wa Karl-Liebknecht, ikafungwa 3-0 na Chekoslovakia. Baada ya hapo nchi yenyewe ikaisha.

Turbine haikuisha. Mwaka 1999 ikajitenga na kuwa klabu ya soka la wanawake peke yake, bila timu ya wanaume ya kuibeba. Mwaka 2004 ikachukua ligi na kombe kwa mpigo, na 2005 ikawa bingwa wa Ulaya. Kuanzia 2009 hadi 2012 ilitwaa ligi mara nne mfululizo. Fainali ya Ligi ya Mabingwa ya 2010, kule Getafe, Hispania, ningependa kila mwanachama mpya aitazame. Dakika 120 bila bao dhidi ya Lyon ya Ufaransa, kisha matuta. Kipa wetu, Anna Felicitas Sarholz, alikuwa na miaka 17. Alipangua penalti, na ya kwake mwenyewe akaifunga. Turbine ikashinda 7-6. Kwenye kikosi kile alikuwemo pia Marie-Louise Eta, ambaye mwaka 2023 akawa kocha msaidizi wa kwanza mwanamke katika Bundesliga ya wanaume, akiwa na Union hao hao. Na msimu wa 2011/12 mfungaji bora wa ligi alikuwa Mwafrika mwenzetu, Genoveva Añonma wa Guinea ya Ikweta, mabao 22 akiwa na jezi ya Turbine.

Tangu ubingwa ule wa 2012, taji la Ujerumani halijatoka mikononi mwa Wolfsburg na Bayern. Wolfsburg wana Volkswagen nyuma yao, Bayern wana hazina ya timu ya wanaume. Sisi tulikuwa na shule ya michezo ya Potsdam na jicho la kuona vipaji. Mabinti walipikwa hapa, wakiiva wanasajiliwa kwingine. Msimu wa 2021/22 timu ilimaliza nafasi ya nne na kufika fainali ya Kombe la Ujerumani, ikalala 4-0 mbele ya Wolfsburg. Kiangazi hicho kocha akaondoka na wachezaji wengi wakaondoka, na miezi kumi na miwili baadaye tukawa daraja la pili. Sijawahi kuona klabu ikibomoka kwa kasi ile, na kwa maoni yangu si fedha pekee zilizokosekana. Uongozi nao ulikuwa unavutana. Ule ushirikiano na Hertha, klabu ya Berlin, ulioanza 2020, haukututoa popote. Hertha baadaye wakaanzisha timu yao wenyewe ya wanawake.

Waliokulia Simba na Yanga wanaujua mjadala huu. Mmeshabishana vya kutosha kuhusu asilimia 51 za hisa za wanachama pale Msimbazi, kwa Simba. Ujerumani nako kuna kanuni ya wanachama kubaki na kura nyingi, ila Wolfsburg wamepewa nafuu yao kwa sababu ya kampuni. Katika ligi kuu ya msimu ujao wa 2025/26, klabu iliyobaki bila mgongo wa klabu ya wanaume ni SGS Essen peke yake.

Kuhusu shughuli zetu nitasema kwa ufupi. Mahudhurio kwenye mechi za nyumbani yalipungua baada ya mapumziko ya baridi, lakini hatukukosa ngoma hata mechi moja. Safari ya Jena ilivunjika kwa sababu ya ukarabati wa reli, na waliolipa wamerudishiwa. Wageni tuliowapeleka Babelsberg waliishangaa sana ile minara ya taa inayolazwa chini mechi ikiisha, isiharibu mandhari ya bustani ya kifalme iliyo jirani. Pia namshukuru bibi yule wa jukwaani, mwenye skafu ya bluu iliyojaa beji hadi haikunjiki, aliyewafundisha vijana wetu nyimbo za zamani kisha akaomba naye afundishwe kupiga makofi ya chakacha. Anaanza kuyapata.

Kamati inapendekeza hivi. Tiketi za msimu za chama ziendelee kununuliwa Turbine, daraja la pili, ambako bei ni nafuu na mechi tunaweza kushinda. Anayetaka kwenda Union aende kwa hiari yake na kwa fedha zake; hatafutwa uanachama wala kunyimwa jezi. Fungu la safari za mbali lipunguzwe, na kilichookolewa kisaidie nauli na viatu vya mabinti wa wanachama wanaocheza kwenye timu za watoto za mitaani kwao. Hili la tatu ndilo ninalolisimamia kwa nguvu zaidi, maana Turbine ilijengwa na mabinti wa aina hiyo, haikujengwa na usajili.

Kura itapigwa mara tu baada ya taarifa ya mweka hazina. Asiyelipa ada ya mwaka jana anaweza kuimaliza sasa mezani kwake, mlangoni kulia, naye atapiga kura kama wengine. Kadi za uanachama mpya ziko tayari. Tafadhali chukueni leo, msiniletee nyumbani maombi ya kupelekewa kwa posta.