Shoga, mpandishe Mama melini

Jersey City, 14 Juni

Shoga yangu Mwanahamisi,

Assalamu alaykum. Natumaini wewe, Mama na watoto hamjambo huko Leicester. Sisi huku tu wazima, nimefika salama, na mwanangu huyu wa dada ambaye nilikuwa namjua kwa picha tu sasa hataki kubebwa na mtu mwingine.

Uliniuliza kwenye simu kama Mama ataiweza safari ya meli, maana ndege keshasema hapandi tena, na wajukuu wa New Jersey hajawaona hata mara moja. Siku ile nilikujibu juu juu kwa sababu nilikuwa kwenye foleni. Sasa nimetulia, nakujibu sawasawa: ataiweza, na atafurahi kuliko unavyodhani. Ila kuna mambo ya kuchagua tangu siku ya kukata tiketi, na mengi yake yanahusu chakula. Wewe ni mpishi wa shughuli, najua hutaniacha nilale mpaka nikueleze kila sahani, kwa hiyo kaa kitako.

Kwanza uielewe meli yenyewe. Queen Mary 2 haikuundwa kwa ajili ya kuzunguka visiwani na kuota jua. Ilijengwa Saint-Nazaire, Ufaransa, ikaanza kazi Januari 2004, na iliundwa makusudi kwa kuvuka Atlantiki ya Kaskazini, bahari isiyo na mchezo. Ina urefu wa mita 345 na inabeba abiria karibu 2,700. Kutoka Southampton hadi Brooklyn unalala humo usiku saba bila kutia nanga popote. Hakuna bandari ya kushuka kutembea, hakuna soko, hakuna cha kuona nje ila maji. Kwa hiyo siku nzima inapangwa kufuata meza: chai ya asubuhi, chakula cha mchana, chai ya alasiri, chakula cha usiku. Nilidhani nitachoka. Badala yake nikaona ndiyo mara ya kwanza kwa miaka mingi nakula bila kutazama saa.

Jambo la kukushangaza ni kwamba mahali pa kula panafuata aina ya chumba ulichokata. Wenye vyumba vikubwa vya fahari wana mgahawa wao, Queens Grill. Wanaofuata wana Princess Grill. Na sisi wengine tunakula Britannia. Huo ni utaratibu uliobaki tangu enzi za madaraja melini. Usiuonee uchungu hata kidogo. Britannia ndio ukumbi mzuri kuliko yote niliyoiona mle: umeshika sitaha mbili, ya 2 na ya 3, una ngazi pana katikati, na ukutani juu kumetundikwa zulia kubwa la kufumwa lenye picha ya meli na majengo ya New York. Jina ni la meli ya kwanza ya kampuni yao ya Cunard, iliyotoka Liverpool kwenda Halifax na Boston mwaka 1840. Na kwa kuwa ukumbi uko chini, meli ikiyumba huisikii sana kama walioko ghorofa za juu.

Sasa nisikilize hapa. Chakula cha usiku Britannia kina awamu mbili, saa 12 jioni na saa 2:30 usiku. Mchukulie Mama ya saa 12. Msimu huu wa kiangazi jua linachelewa kuzama huko baharini. Ukila awamu ya pili utakuta Magharibi inakuingilia katikati ya supu. Ya kwanza unamaliza, unarudi chumbani, unatawadha bila haraka.

Na pale wanapokuuliza meza ya watu wawili au ya pamoja, sema ya pamoja. Najua utaogopa, Mama hajui Kiingereza cha kuzungumza na wageni. Usiogope. Meza ni hiyo hiyo kila usiku, watu wale wale, wahudumu wale wale, na kufikia usiku wa tatu mnakuwa kama mliokula sinia moja harusini. Mezani kwetu alikuwapo bwana mmoja ambaye, kama Mama, hapandi ndege kabisa, na mke wake aliyekwisha kata tamaa ya kumbembeleza. Alikuwapo pia bibi mjane wa Wales anayehamia kwa binti yake Connecticut, na mbwa wake yuko juu sitaha ya 12. Ndiyo, meli inachukua mbwa! Wana vibanda 24 na mtu wa kuwahudumia, na uwanja mdogo wa kutembezwa wenye nguzo ya taa ya Liverpool na bomba la zimamoto la New York, ili kila mbwa ajisikie yuko kwao. Bibi yule aliingojea nafasi ya mbwa kwanza, akafuata tarehe ya mbwa, maana vibanda huwahiwa mapema sana. Kila jioni tulianza kwa kumuuliza mbwa kaamkaje. Mama angempenda bibi huyo, hata kwa lugha ya mikono.

Kuhusu halali: waandikie mapema, mara tu ukishalipa, usingoje siku ya kupanda. Uliza wazi nini wanaweza kuandaa na nini hawawezi, na majibu yake uyaweke kwa maandishi. Mimi nilishikilia samaki, mayai na mboga, na menyu ya kila usiku ilikuwa na samaki na chakula kisicho na nyama. Mhudumu mkuu akaniletea menyu ya kesho yake kila nikimaliza kula, nachagua mapema, jikoni wanajua. Lakini uliza kuhusu mchuzi. Sosi nyingi za samaki za Kifaransa hutiwa mvinyo mweupe, nazo haziandikwi zote kwenye menyu. Nilipouliza waliniletea samaki huyo huyo na siagi na ndimu, kaangwa vizuri, ngozi inavunjika kwa uma na nyama ndani bado ina maji yake. Wewe ungempekua pande zote ukamwita mpishi.

Upungufu niliouona ni wa viungo. Pilipili hutaiona ila uiombe. Mchukulie Mama kichupa cha pilipili ya kusaga kwenye mkoba, mezani hakuna atakayemkataza.

Mbali na Britannia kuna Kings Court, sitaha ya 7, unajipakulia mwenyewe. Panafaa asubuhi ukiwa hutaki kukaa rasmi, lakini saa za watu wengi pana msongamano na kelele, na Mama ana magoti. Kuna Golden Lion, baa ya Kiingereza ambayo mchana hupika samaki na chipsi; ukikaa upande wa madirishani huoni unywaji wa watu, na samaki wao ni mzuri kweli. Yote hayo yamo kwenye nauli. Ya kulipia zaidi ni The Verandah, mgahawa wa nyama za kuchoma, na bila shaka vinywaji. Shoga, sioni sababu ya kulipia Verandah. Pesa hizo nunua chumba chenye baraza ya nje, Mama awe anatoka kuvuta hewa akiwa na kanga yake begani bila kupanda ngazi.

Kitu ambacho usimkoseshe Mama ni chai ya alasiri. Saa tisa na nusu mnaingia Queens Room, ukumbi wa dansi, meza zimetandikwa vitambaa vyeupe, wanamuziki wako jukwaani. Ghafla mlango unafunguka na wahudumu wanaingia kwa safu, glavu nyeupe mikononi, kila mmoja na birika lake, wanasambaa katikati ya meza bila kugongana. Chai inamiminwa, halafu zinapita sahani: sandwichi ndogo zilizokatwa kingo, za tango, za yai, za samaki, halafu skonzi za Kiingereza, za moto bado, na malai mazito na jamu. Yule aliyetuhudumia alikuwa akimimina chai huku meli inapanda wimbi. Nilimtazama mkono: mwili wote uliyumba na meli, birika likabaki pale pale, na hata tone halikuanguka kwenye sahani. Huo ni ujuzi, Mwanahamisi. Nimeona watu wakipigiwa makofi kwa kazi ndogo kuliko ile. Sandwichi za nyama uziulize kabla ya kuchukua, za tango na yai zinatosha.

Usiku mbili katika safari ni za kuvaa rasmi, wanaume suti nyeusi na tai ya kipepeo, wanawake magauni marefu. Vazi rasmi la taifa lako pia linakubaliwa. Kaka yako akisafiri nanyi, avae kanzu na joho, na kofia ile ya vito aliyovaa nikaha. Mimi nilivaa gauni la hariri na mtandio nilioununua Mombasa, na hakuna aliyenitazama vibaya. Walionisimamisha walitaka kujua kitambaa kimefumwa wapi.

Ya ziada ya melini mengi tu, nikiyaandika yote karatasi haitoshi. Kuna kasino na mahali pa kukandwa mwili, niliyapita. Maktaba nimeipenda, iko mbele kabisa ya meli sitaha ya 8, unasoma na bahari iko usoni. Kuna mihadhara ya kila siku. Lakini kama una nafasi ya kumpeleka Mama mahali pamoja tu baada ya chai, mpeleke Illuminations. Ni ukumbi wenye sayari na nyota: kuba linashushwa juu ya viti, taa zinazimwa, mbingu inawaka juu yenu. Ndiyo meli ya kwanza kuwa na kitu hicho. Mama aliyekuwa akitufundisha majina ya nyota pale barazani mtaani Chuda, tukingoja umeme urudi, ataelewa kila kitu bila mkalimani.

Sasa swala. Kwenye televisheni ya chumbani kuna stesheni inayoonyesha meli iko wapi na inaelekea upande gani. Hiyo ndiyo itakayokusaidia kujua kibla. Southampton unaelekea kusini-mashariki. Kadiri mnavyovuka, mwelekeo unageuka kidogo kidogo, kati ya bahari unakuwa mashariki kabisa, na ukifika New York unaelekea kaskazini-mashariki. Mimi nilikuwa naangalia stesheni ile kila alfajiri, na nilihisi namna ya ajabu kuona Makka ileile, na mimi ndiye ninayezunguka. Mchana nahodha hutangaza meli ilipo, upepo ukoje na kina cha bahari, sikiliza pia hapo.

Na hakikisha mnavuka kwenda magharibi kwa meli, kama mlivyopanga. Kwenda huku, saa inarudishwa nyuma saa moja katika usiku tano, kwa hiyo siku hizo zina saa 25, na Mama atafika bila ule uchovu wa kichwa wa ndege. Wanaorudi mashariki hunyang'anywa saa hizo hizo, na mara nyingi ni mchana, chakula cha mchana kikifuatwa upesi na chai kabla hujashiba vizuri.

Siku ya kuondoka Southampton mwambie Mama mapema kuhusu honi. Mojawapo ya honi za kwenye bomba la moshi ni ya Queen Mary ya zamani, ile ya mwaka 1936, na inasikika umbali wa kilomita 16. Kifua chote kinatetemeka. Asije akadhani kuna jambo.

Siku ya kufika amkeni mapema sana, mvae makoti, mpande juu. Kabla ya jua kuchomoza meli inapita chini ya daraja la Verrazzano, na bomba la moshi linapenya kwa mita chache tu. Watu wote wananyamaza wakitazama juu, kisha wanashangilia. Halafu inaonekana Sanamu ya Uhuru upande wa kushoto, na majengo ya Manhattan yanawaka. Mnateremka Red Hook, Brooklyn.

Mambo ya karatasi: wewe una pasi ya Uingereza, utaomba ESTA, kile kibali cha mtandaoni cha kuingia Marekani bila viza, lakini Mama na pasi yake ya Tanzania anahitaji viza ya Marekani, kuja kwa bahari hakubadilishi kitu. Anza na hiyo kabla ya kulipa meli, maana miadi ya ubalozi huchukua muda. Na umwambie asifunge nyama kwenye sanduku, forodha watamnyang'anya. Halua haina tabu, na kama kuna mtu anatoka Zanzibar kabla hamjaondoka, mniletee boksi mbili, moja ya dada.

Niandikie tarehe mtakazopata, nipange zamu zangu. Mpe Mama salamu zangu na umbusu mkono kwa niaba yangu.

Shoga yako akupendaye,
Zuhura